Marconi alibadili wimbi, hakubadili msimamo

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo limenishughulisha kwa miaka mingi, nalo ni masafa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali, yaani mwendo uliopo baina ya mahali na mahali. Redio ilipotufikia na kuhitaji istilahi zake, neno hilo hilo likatwikwa mzigo wa pili. Mtangazaji anapotaja masafa ya kituo chake, hazungumzii umbali hata kidogo. Anazungumzia idadi ya mitetemo ya wimbi la redio katika sekunde moja. Kisha tukaongeza vivumishi: masafa marefu, masafa ya kati, masafa mafupi. Hapo ndipo lugha ilipotutega. Kila mtu aliyewahi kumiliki redio ya betri anajua kwamba ni katika masafa mafupi alikozipata London, Cologne, Moscow na Beijing. Yaliyoitwa mafupi ndiyo yaliyotoka mbali.

Mtego huu haukuwanasa Waswahili peke yao. Ulimnasa, kwa muda wa miaka ishirini hivi, yule yule ambaye vitabu vya shule humwita baba wa redio, Guglielmo Marconi. Alidhani kwamba wimbi refu ndilo liendalo mbali, akajenga juu ya dhana hiyo majengo, makampuni na mikataba ya serikali. Halafu akagundua kwamba ametanguliwa na watu wasio na vyeo, akabadilika. Nataka kuyasimulia maisha yake kwa sababu ya badiliko hilo, na pia kwa sababu ya badiliko jingine ambalo halikutokea. Katika maelezo yangu nitatumia umbali kwa maana ya mwendo, na masafa kwa maana ya mitetemo, ili msomaji asipotee njiani.

Huenda mtu akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya nyaya na milingoti. Jibu langu ni kwamba uteuzi wa masafa ni jamaa wa karibu wa uteuzi wa lugha. Chukua soko la Ishiara, katika nyanda za chini za Mbeere, Kaunti ya Embu, karibu na Mto Thuci unaotenganisha Embu na Tharaka. Nimepata kufanya kazi ya kusikiliza lugha katika soko hilo. Mama auzaye ndengu humsemesha jirani yake kwa Kimbeere, akasikilizana na mteja wa Kitharaka kila mmoja akishika lugha yake, akageukia Kiswahili anapomwona dereva wa lori au mfanyabiashara aliyevuka Mto Tana kutoka Ukambani. Hapandishi sauti ili afike mbali. Hubadili njia ya kupitishia ujumbe. Elimu hiyo ya sokoni, ambayo hakuna anayeitolea shahada, ndiyo iliyomchukua Marconi nusu ya umri wake kuipata.

Alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa Mwairishi wa ukoo uliojulikana kwa kutengeneza wiski. Kijana huyu hakupata shahada ya chuo kikuu. Alisoma habari za Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya umeme katika miaka ya 1880, akaanza kufanya majaribio katika nyumba ya wazazi wake, Villa Griffone, huko Pontecchio. Mwaka 1895 aliunganisha waya mmoja ardhini na mwingine hewani, na umbali ukaongezeka ghafla. Inasimuliwa kwamba nduguye Alfonso alipelekwa nyuma ya kilima na bunduki, na kwamba mlio wa risasi ndio uliomjulisha Guglielmo kuwa ishara imevuka.

Kwa kuwa jamaa za mama yake walikuwa na uzito Uingereza, alihamia huko mwaka 1896 na kuomba hataza ya uvumbuzi wake. William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, akamfungulia milango. Mwezi Mei 1897 ishara zilivuka maji kutoka Lavernock hadi kisiwa cha Flat Holm, karibu na Cardiff. Mwaka huo huo kampuni yake ikaundwa. Mwaka 1899 alivusha ujumbe kati ya Ufaransa na Uingereza, na mwaka 1900 akapata hataza mashuhuri nambari 7777, iliyohusu namna ya kuulinganisha mtambo unaotuma na ule unaopokea ili vyombo vingi vifanye kazi pamoja bila kuvurugana. Hapo ndipo uteuzi wa masafa ulipoanza kuwa fani. Kabla ya hapo kila mtambo ulipiga kelele hewani kama mlevi, na aliye karibu zaidi ndiye aliyesikika.

Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi alikuwa St. John's, Newfoundland, pamoja na msaidizi wake George Kemp. Waya wa kupokelea ulishikiliwa angani na kishada. Ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000, mtambo wa Poldhu huko Cornwall ulikuwa ukituma herufi S, yaani nukta tatu za Morse. Marconi akatangaza kwamba ameisikia. Baadaye alieleza kwamba wimbi lililotumika lilikuwa la takriban mita 366, yaani masafa ya kilohezi 820 hivi, mahali ambapo leo tungetafuta kituo cha masafa ya kati. Wataalamu wengi wamekuwa na shaka, kwa kuwa kulikuwa mchana, na mawimbi ya namna hiyo hunyweka vibaya sana angani jua linapowaka. Shaka hiyo haijaondoka. Lakini dunia iliamini, na fedha zikafuata imani.

Miezi miwili baadaye, Februari 1902, akisafiri katika meli Philadelphia, aliona jambo ambalo halikuwa na ubishi. Mchana ishara za Poldhu zilikatika baada ya kilomita 1,100 hivi. Usiku herufi zilifika zaidi ya kilomita 3,000. Mwaka huo huo Arthur Kennelly, akiwa Marekani, na Oliver Heaviside, akiwa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walitoa wazo kwamba kuna tabaka angani linalorudisha mawimbi chini. Marconi, ambaye siku zote alikuwa mtu wa vitendo kuliko nadharia, alichukua njia iliyoonekana rahisi: ikiwa mchana unalitafuna wimbi, basi na tulirefushe wimbi na tuongeze nguvu.

Na kusema kweli hakukosea kabisa. Wimbi na masafa ni kama mizani: kimoja kikipanda kingine hushuka, kwa kuwa mwendo wa wimbi ni kilomita 300,000 kwa sekunde daima. Wimbi la mita 300 lina masafa ya kilohezi 1,000; wimbi la mita 3,000 lina kilohezi 100. Wimbi refu hukumbatia uso wa dunia, hupinda likifuata mviringo wake, na halijali sana kama ni usiku au mchana. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, antena ya kulirusha lazima iwe kubwa mno, na ikiwa ndogo, nguvu nyingi hupotea kuwa joto. Pili, radi nayo ni mtambo wa redio, tena mtambo unaopenda masafa ya chini. Kadiri unavyoteremka, ndivyo mkwaruzo wa radi unavyozidi kuufunika ujumbe.

Kwa hiyo majengo yakazidi kukua. Mwaka 1907 Marconi alifungua huduma ya biashara kati ya Clifden, Ireland, na Glace Bay, Kanada, kwa mawimbi ya maelfu ya mita, na mitambo ya Clifden ikiendeshwa kwa kuchoma udongo wa kinamasi. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Ferdinand Braun. Mwaka 1911 kituo cha Coltano, karibu na Pisa, kilianza kazi. Mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuiunganisha Italia na koloni lake la Eritrea. Aprili 1912 Titanic ilipozama, waliotuma wito wa msaada, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi, na watu zaidi ya 700 waliookolewa waliufanya ulimwengu umwone kama mkombozi. Mwezi Septemba mwaka huo huo alipata ajali ya gari nchini Italia, akapoteza jicho la kulia.

Wakati huo ndipo mipango yake ilipogusa ardhi yetu. Serikali ya Uingereza ilitaka mnyororo wa vituo vya redio vya kuunganisha dola yake, na mkataba uliopitishwa na Bunge mwaka 1913 ulitaja Uingereza, Misri, Himaya ya Afrika Mashariki, Afrika Kusini, India na Singapore. Kituo cha Afrika Mashariki kilikusudiwa kujengwa Nairobi. Kilikuwa kiwe cha mawimbi marefu, chenye milingoti mirefu na mashine za kunguruma. Mkataba wenyewe ulichafuliwa na kashfa ya mawaziri wa Uingereza walionunua hisa za kampuni ya Marconi ya Marekani. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka mwaka 1914 na mpango ukafa.

Sasa tuwageukie watu wasio na vyeo. Mwaka 1912, miezi michache baada ya Titanic, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya redio. Vijana waliokuwa wakichezea mitambo nyumbani kwao, wanaredio wa ridhaa kama tunavyoweza kuwaita, walionekana kuwa kero. Hawakupigwa marufuku. Walisukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 na chini yake, yaani masafa ya kilohezi 1,500 na kwenda juu. Eneo hilo lilidhaniwa kuwa jangwa lisilofaa kitu. Ilikuwa kama kumpa mtu shamba la mawe kwa matumaini kwamba atachoka na kuondoka.

Hawakuchoka. Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alipiga hema huko Ardrossan, Scotland, akazisikia ishara za wanaredio wa ridhaa wa nchi yake katika wimbi la mita 230 hivi. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alizungumza na wenzake wa Connecticut, Fred Schnell na John Reinartz, katika wimbi la karibu mita 100, na kila upande ukamjibu mwenzake. Tarehe 18 Oktoba 1924 mwanafunzi Cecil Goyder, akiwa shuleni Mill Hill, London, alipata mazungumzo na Frank Bell, mfugaji wa Shag Valley, New Zealand. Mwanafunzi na mfugaji walikuwa wameizunguka nusu ya dunia kwa nguvu ndogo mno, huku mitambo ya dola ikila umeme wa mji mzima. Mwaka huo huo Edward Appleton alianza majaribio yaliyothibitisha kwamba tabaka la Kennelly na Heaviside lipo kweli. Wimbi fupi halikumbatii ardhi. Hupaa, hugonga tabaka hilo, likarudi chini mbali sana.

Marconi angeweza kunyamaza. Alikuwa na umri wa karibu miaka hamsini, tajiri, seneta wa Italia tangu 1914, mwenye meli yake binafsi, Elettra, aliyoigeuza kuwa maabara. Mali ya kampuni yake ilikuwa imefungwa katika mawimbi marefu. Mtu wa namna hiyo huwa na kila sababu ya kuwadharau wanafunzi na wafugaji. Badala yake, mwaka 1923 alisafiri kwa Elettra kuelekea kusini huku mhandisi wake, Charles Franklin, akirusha wimbi la mita 97 kutoka Poldhu. Usiku lilimfikia hadi visiwa vya Cape Verde, umbali wa karibu kilomita 4,000, hata nguvu zilipopunguzwa. Mwaka 1924, akiwa Beirut, alilipokea wimbi la mita 32 mchana. Lile jua lililomtesa tangu safari ya Philadelphia lilikuwa limepata dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa kinyume cha yote aliyokuwa ameyajenga.

Alikiri hadharani kwamba yeye ndiye aliyewaongoza wengine katika mawimbi marefu, na kwamba walijenga vituo vyenye nguvu mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa sababu ya kumfuata. Maungamo ya namna hii ni adimu kwa mtu yeyote mwenye hisa sokoni. Julai 1924 kampuni yake ilitia saini mkataba mpya na serikali ya Uingereza, safari hii kwa mawimbi mafupi yanayoelekezwa kama mwanga wa kurunzi. Kituo cha Kanada kilifunguliwa Oktoba 1926. Australia, Afrika Kusini na India zikafuata mwaka 1927. Biashara ya nyaya za baharini ikatetemeka, hata ikalazimu kampuni za nyaya na za redio kuunganishwa mwaka 1929. Muungano huo, ambao tangu 1934 uliitwa Cable and Wireless, ndio uliokuja kuendesha matangazo ya redio ya Nairobi hadi serikali ya kikoloni ilipounda shirika lake la utangazaji mwaka 1959. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya redio iliyosikika katika nyumba nyingi za Kenya ilipitia mikono ya kampuni iliyokuwa na damu ya Marconi.

Nisieleweke kwamba wimbi refu lilikufa. Serikali ya Uingereza ilifungua kituo cha Rugby Januari 1926 kwa masafa ya kilohezi 16, na milingoti yake 12 ilikuwa na urefu wa mita 250 kila mmoja. Mawimbi ya namna hiyo hupenya maji ya bahari na kuzifikia nyambizi. Nao wanaredio wa ridhaa, kwa ubishi wao uleule, wamerudi katika nchi aliyoihama Marconi. Mikutano ya kimataifa ya mawasiliano ya mwaka 2007 na 2012 iliwatengea vipande vidogo: kilohezi 135.7 hadi 137.8, na kilohezi 472 hadi 479. Nguvu inayoruhusiwa kutoka angani ni ndogo, wati 1 tu katika kipande cha kwanza.

Tuseme basi kijana wa Ishiara, mwenye leseni na kipande cha ardhi, anataka kusikika London, umbali wa karibu kilomita 6,800, kwa masafa ya chini. Achague yapi? Katika kilohezi 136 wimbi lina mita 2,200, na antena kamili ya robo wimbi ingehitaji mlingoti wa mita 550, zaidi ya mara tano ya jumba la KICC. Atalazimika kutumia waya mfupi na kukubali hasara kubwa, kisha atume alama za Morse polepole mno, nukta moja ikichukua sekunde nyingi, ili kompyuta ya upande wa pili iweze kuichambua. Akipanda hadi kilohezi 1,800, robo wimbi hushuka kuwa mita 40 hivi, jambo linalowezekana kwa nguzo na kamba. Lakini huko ni usiku tu, kwa kuwa mchana anga hulinyonya wimbi hilo.

Tena Ishiara haiko Cornwall. Iko chini kidogo tu ya Ikweta, na magharibi yake kuna bonde la Kongo, mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Dhoruba za huko huchacha alasiri na jioni, na mkwaruzo wake husafiri usiku kwa njia ile ile ya angani inayosafirishia ujumbe. Mtu mwenye busara atasubiri saa za mwisho za usiku, tangu saa tisa hadi kabla ya mapambazuko, dhoruba zikiwa zimepungua na njia yote hadi Ulaya ikiwa bado gizani. Atachagua Januari au Februari, kati ya mvua za vuli na za masika, wakati ambapo kaskazini nako ni majira ya baridi yenye radi chache. Hakuna masafa yaliyo bora kwa kila mtu. Kuna masafa yanayofaa mahali fulani, saa fulani, kwa msikilizaji fulani. Kanuni zilizoandikwa kwa kuitazama Atlantiki ya kaskazini haziwezi kuletwa Mbeere bila kupimwa upya. Hata mawimbi ya FM tunayoyategemea siku hizi hunyooka kama mshale, na mtu aliye nyuma ya kilima kama Kiang'ombe huikosa sauti ambayo wimbi la kati lingemfikishia.

Laiti simulizi la Marconi lingeishia katika mwaka 1927. Vitabu vingi vya shule huliishia hapo. Mimi naona kuwa kuliishia hapo ni kuwanyima watoto wetu nusu ya somo, tena nusu inayowahusu zaidi.

Mwaka 1923, mwaka ule ule wa safari ya Cape Verde, Marconi alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini. Hakuwa mwanachama wa pembeni. Alipewa uongozi wa Baraza la Taifa la Utafiti, na mwaka 1930 akafanywa rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia, cheo kilichomwingiza katika Baraza Kuu la chama. Mwaka 1929 alitunukiwa cheo cha ukabaila. Mwaka 1931 alimjengea Papa Pius XI kituo cha Redio Vatikani, kazi nzuri iliyoongeza sifa ya dola. Miaka mingi baada ya kifo chake, watafiti waliopekua kumbukumbu za Akademia ile waligundua kwamba majina ya wasomi Wayahudi waliopendekezwa yalitiwa alama ya herufi moja kwa mkono wa rais, na kwamba hakuna Myahudi aliyeingizwa katika kipindi chake. Hayo yalikuwa kabla ya Italia kutunga sheria zake za ubaguzi mwaka 1938. Msomi huyu hakuhitaji kusubiri sheria.

Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia, Uhabeshi kama walivyoiita wazee wetu. Yalitumia ndege na gesi ya sumu dhidi ya askari na raia. Marconi, aliyekuwa na rafiki na wateja katika kila bara, aliutumia umaarufu wake kuutetea uvamizi huo mbele ya mataifa. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirika la Mataifa huko Geneva na kuhutubia kwa Kiamhari, ingawa alikijua Kifaransa. Waandishi wa habari wa Kiitalia walimzomea na kumpigia mbinja hadi wakatolewa nje. Mimi kama mtu wa lugha siachi kuutafakari uteuzi ule. Mfalme alichagua njia ambayo wengi ukumbini hawakuielewa, akijua kwamba wasikilizaji wake halisi walikuwa nyumbani, na kwamba dunia ingelazimika kutafuta mkalimani. Marconi alikuwa na mitambo ya kufikia kila bara, na alichokipeleka kilikuwa utetezi wa gesi ya sumu.

Vita hivyo havikubaki Ethiopia. Mwaka 1940 Waitalia waliiteka Moyale ya Kenya, na barabara inayotoka Isiolo, chini ya milima ya Meru, kuelekea kaskazini ikawa njia ya majeshi. Vijana wa Afrika Mashariki katika King's African Rifles walivuka mipaka mwaka 1941 kupigana Somalia na Ethiopia. Ni katika miaka ya vita hivyo pia serikali ya kikoloni ilipoanza kutangaza kwa lugha za Waafrika, kwa kuwa ilihitaji masikio yao. Redio ya walowezi ikawa redio yetu kwa sababu ya vita ambavyo Marconi alisaidia kuvipamba.

Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Alikufa kwa maradhi ya moyo mjini Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na umri wa miaka 63, akazikwa kwa heshima za taifa. Vituo vya redio vilinyamaza kwa dakika mbili kumwomboleza. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha baadhi ya madai ya hataza yake ya ulinganishaji kwa kutambua kazi za waliomtangulia, akiwamo Nikola Tesla.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu: kwamba mvumbuzi apimwe kwa uvumbuzi wake na siasa tuwaachie wanasiasa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau Marconi angebaki maabara. Lakini sifa aliyoipata kwa mawimbi ndiyo aliyoitumia kama fedha ya kununulia masikio ya watu katika jambo ambalo hakuwa na utaalamu nalo wala huruma. Wengine watasema kila mtu wa zama zile alifuata upepo. Si kweli. Mwaka 1931 maprofesa wachache wa Italia, kumi na wawili hivi kati ya zaidi ya elfu moja, walikataa kula kiapo cha utii kwa Ufashisti, wakapoteza kazi zao. Njia nyingine ilikuwapo, na waliokuwa na kidogo kuliko yeye waliipita.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mbele ya maumbile, Marconi alikuwa mshindani wa kweli: wimbi lilipomwambia kwamba amekosea, alisikia, ijapokuwa waliomtangulia walikuwa wanaredio wa ridhaa wasio na vyeo. Mbele ya binadamu hakuwa na chombo cha kupokelea. Waethiopia walilia, wasomi Wayahudi wakafungiwa mlango, naye hakubadili msimamo. Lile tendo la unyenyekevu la mwaka 1924 tunalolisifu halikuhama likaenda upande wa pili wa maisha yake, na hatuna sababu ya kudhani kwamba huhama lenyewe kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo naomba walimu wetu wa fizikia, wa Embu, wa Meru na wa kwingineko, wasilifute jina la Marconi, wala wasilipambe. Wafundishe herufi S ya mwaka 1901 pamoja na shaka yake. Wafundishe kwamba masafa mafupi yalivumbuliwa thamani yake na watu waliopewa shamba la mawe. Wafundishe kijana kupima anga la kwao kabla ya kuazima jedwali la wengine. Kisha, katika kipindi hicho hicho, wafungue ramani, wapandishe kidole kutoka Isiolo hadi Moyale na kuvuka mpaka, na waeleze mvumbuzi huyo alikuwa upande gani mwaka 1935.